Mizabibu ya baba ina zaidi ya miaka 40: niing'oe au nitengeneze mvinyo?

Swali la msomaji wa Mpunguzi, Dodoma:

"Shikamoo mtaalamu. Marehemu baba ameniachia ekari moja na nusu ya mizabibu ya zabibu nyekundu, aliyoipanda mwaka 1984. Hakuwahi kutia mbolea ya chumvichumvi wala dawa kali za dukani. Alitumia samadi, majivu, na salfa ya unga kidogo ubwiri, ule ukungu wa majani na vishada, ukizidi, nami nimeendelea vivyo hivyo. Tatizo mavuno yanapungua kila mwaka, na jirani ananisihi ning'oe nipande miche mipya. Mimi natamani kutengeneza mvinyo mwekundu wangu mwenyewe. Machi iliyopita nilijaribu ndoo mbili ndani ya stoo ya mabati. Moja imegeuka siki, nyingine imebaki tamu na nyepesi kama juisi. Je, ni kweli mizabibu mizee hutoa mvinyo bora? Nimekosea wapi? Naweza kuuita mvinyo wa kilimohai? Na zile safu tatu za karibu na mbuyu, zinazozaa vishada vidogo vidogo, nizichanganye na nyingine au niachane nazo?"

Jibu:

Marahaba dada yangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Mbukwenyi hapo Mpunguzi.

Nianze na lile lisilosubiri: usiing'oe. Jembe likishapita hapo, mizizi iliyochimba udongo miaka 40 hairudi, na mche utakaoupanda leo hautafika pale ulipo mzabibu wa baba yako wewe na mimi tungali na nguvu za kuvuna. Jirani yako hakudanganyi, anahesabu kilo. Kwa anayeuza zabibu mbichi kwa kreti, au anayekamua mchuzi wa zabibu na kuwauzia wenye viwanda, shamba linalopungua kilo ni shamba linalokufa. Wewe unataka mvinyo, na hesabu ya mvinyo ni nyingine.

Sasa swali lako la msingi. Umri peke yake hautengenezi mvinyo mzuri. Nimeonja mvinyo dhaifu uliotoka kwenye mizabibu ya miaka 50 na mvinyo mtamu kinywani uliotoka kwenye mizabibu ya miaka 8. Kinachofanya watu watafute mizabibu mizee ni kwamba mti mkubwa wenye mizizi ya kina hautikisiki ovyo. Mvua ikichelewa wiki tatu, mche wa miaka mitatu hunyauka majani na zabibu zake huacha kuiva, lakini mzee huendelea kunywa kutoka chini. Shina lake nene na mizizi yake vina akiba ya wanga, hivyo machipukizi huanza kwa nguvu hata mwaka ukiwa mbaya. Na kwa kuwa huzaa vishada vichache, mara nyingi vyenye punje ndogo, kila punje hupata chakula cha kutosha. Punje ndogo ina ganda kubwa ukilinganisha na maji yake, na kwenye mvinyo mwekundu rangi, tanini (ule ukakasi unaokaza ulimi) na sehemu kubwa ya ladha hutoka kwenye ganda. Hilo ndilo lililo shambani kwako. Ni akiba, na akiba inaweza kutumiwa vizuri au ikachezewa.

Wenzetu huko nje wameshaipa akiba hii jina na hadhi. Afrika Kusini upo mradi wa mizabibu mizee ulioanzishwa rasmi mwaka 2016, unaotambua mashamba yenye miaka 35 na kuendelea, na chupa zake hubandikwa nembo yenye mwaka shamba lilipopandwa. Bonde la Barossa, Australia, lina mkataba wake tangu 2009, wenye daraja la miaka 35, 70, 100 na 125. Mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Mizabibu na Mvinyo, OIV, lilipitisha maana moja: mzabibu mzee ni ule wenye kumbukumbu rasmi kwamba umefikisha miaka 35, na shamba la mizabibu mizee ni lile ambalo angalau asilimia 85 ya miti yake imefikisha umri huo. Mjini Maribor, Slovenia, kuna mzabibu mmoja wa zabibu nyekundu umeegemea ukuta wa nyumba kwa zaidi ya miaka 400, na bado unavunwa kila mwaka.

Shamba lako la 1984 limeshaivuka miaka 35. Lakini hapo kuna neno "kumbukumbu", na kwetu hilo ndilo pengo. Kama baba aliacha daftari, risiti ya miche, barua ya ushirika, au picha ya siku ya kupanda, iweke mahali pasipoingia mchwa. Kama hakuna kitu, wapo wazee waliopanda naye. Waite, waandike wanachokijua, wasaini mbele ya mtendaji wa eneo lenu, kisha hesabu miti yote na uchore ramani ya safu, uonyeshe mti upi ni wa zamani na upi ulizibiwa baadaye. Ni kazi ya siku mbili. Ikifika siku ya kuandika mwaka huo kwenye lebo, hutakuwa unasema maneno matupu.

Hayo ya Barossa na Maribor ni ya nchi zenye majira ya baridi, ambako mzabibu hulala miezi kadhaa kila mwaka. Dodoma ni mahali pengine kabisa. Tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, na mzabibu hapa haulali wenyewe. Unalazwa na mkasi. Ukiukatia, unaamka. Kwa hiyo tangu wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana walipoanza kuzieneza zabibu katika miaka ya 1950, wakulima wetu walijifunza jambo ambalo mkulima wa Italia hulisikia kwa mshangao, yaani kuvuna mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza Februari na Machi, ya pili Agosti na Septemba. Ni neema kweli. Lakini fikiria mzabibu wa miaka 40 uliovunwa mara mbili kila mwaka. Umeshazaa mara 70 au 80, na kila mara umekatwa. Ndiyo maana mavuno yako yanashuka. Mti umechoka kwa kuzaa mfululizo, tena bila kurudishiwa.

Hapa ndipo shauri langu kubwa lilipo, na ungesahau mengine yote nisingependa ulisahau hili. Chagua mavuno moja ya mvinyo, nayo iwe ya kiangazi. Haya ya masika uyapunguze kabisa au uyaache.

Sababu yake ni hii. Zabibu zinazoiva Machi zinaiva mvua ikinyesha. Dodoma hupata mvua kidogo kwa mwaka, milimita 550 hadi 600 hivi, lakini karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili, juu ya vishada vyako. Punje hunywa maji, ngozi hupasuka, ubwiriunga na ubwiri vinyoya hupanda, na mkulima mwenye hofu huvuna mapema kabla ya sukari haijakaa. Agosti hali inageuka. Anga ni kavu, jua kali mchana, na usiku unapoa hadi nyuzi joto 14 au 15, wakati mwingine chini ya hapo. Punje huiva taratibu, rangi inakolea, na ubwiri hupungua wenyewe. Mche mchanga hauwezi kuivisha mzigo wa kiangazi bila kumwagiliwa. Mzabibu wa baba yako, wenye mizizi ya miaka 40, unaweza kwa maji machache sana. Madumu machache kwa kila mti mara mbili tatu kati ya Juni na Julai, na matandazo ya mabua ya mtama juu ya udongo, vitatosha miaka mingi. Ule uzee unaolaumiwa kwa kilo ndio utakaokupa mavuno ambayo jirani mwenye miche mipya hawezi kuyapata bila kisima.

Nilipoanza kazi hii nami nilivuna Machi. Ilikuwa wiki ya mvua, zabibu zilionekana nono, nikakamua kama kilo 300 nikiwa na furaha. Kipimo cha sukari kilisoma briksi 16, yaani sukari kama asilimia 16 ya mchuzi, ambayo ni kidogo. Nikajipa moyo. Mvinyo uliotoka ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, mwepesi, na haukufika Krismasi. Ndoo yako ya pili naitambua kwa sehemu.

Sasa utaratibu wa mti wenyewe. Mvua zikikata, mwishoni mwa Aprili au katikati ya Mei, katia. Kuanzia hapo mpaka kuvuna ni kama miezi minne, kwa hiyo utavuna mwishoni mwa Agosti au ndani ya Septemba. Tazama sana unavyokata. Mzabibu haufuniki kidonda kama mwembe. Kila jeraha kubwa hukausha mbao kuelekea ndani, na mbao iliyokauka ndiyo mlango wa mchwa na wa magonjwa ya shina. Shina la mzee likikatwa kwa msumeno usawa kabisa na mwili wake, baada ya misimu kadhaa sehemu ya shina huweza kuwa imekufa ndani huku nje linaonekana zima. Kata mbao changa ya mwaka mmoja au miwili. Ukilazimika kukata mbao nene, acha kisiki kifupi, urefu wa vidole viwili, ili ukavu uishie pale usiingie shinani. Mkasi uwe mkali, na uupanguse kwa spiriti kila unapomaliza mti unaoonekana mgonjwa. Kila mti uuachie macho, yale yanayotoa machipukizi, machache kuliko ulivyozoea. Mti uliochoka ukiachiwa macho 40 utazaa vishada 40 visivyoiva.

Kuna mapengo bila shaka. Usiyazibe kwa miche ya kununua ukiweza. Chukua tawi refu la mzabibu jirani, lichimbie chini sentimita 30 hivi, ncha yake itokeze pale kwenye pengo, ukandamize udongo na umwagilie. Tawi litaota mizizi huku likinyonyeshwa na mama yake, na baada ya miaka miwili unalitenganisha. Hivyo unaendeleza mbegu ile ile aliyoichagua mzee. Kwa mchwa, ondoa mbao zilizokufa shambani zote, usiache hata nguzo iliyooza, na samadi iwe imeiva kabisa. Samadi mbichi na mabaki makavu yaliyogusa shina huwaita. Matandazo yakae mbali na shina kwa upana wa viganja viwili.

Kuhusu kilimohai, salfa ya baba isikutie wasiwasi. Salfa ya unga na vilevile shaba kwa kiasi vinaruhusiwa kwenye kilimo hai karibu duniani kote, kwa kuwa ni madini, na ubwiriunga hauna tiba kongwe kuliko salfa. Ila acha kuipuliza wiki tano kabla ya kuvuna. Salfa ikiingia na zabibu kwenye chombo, hamira huigeuza kuwa harufu ya yai viza, na harufu hiyo ikishakaa kuitoa ni shida.

Jina ni habari nyingine. Neno Kilimohai hapa kwetu si sifa ya kujipa. Ni nembo ya Afrika Mashariki inayosimama juu ya kiwango cha mazao ya kilimo hai kilichopitishwa mwaka 2007, na unaipata baada ya kukaguliwa. Wakulima wadogo wanaweza kuipata kwa njia ya kikundi ambacho wanachama wake hukaguana kwa utaratibu uliokubaliwa, nafuu kuliko kumwita mkaguzi wa nje. Watafute TOAM, ambao ndio mwavuli wa kilimo hai nchini, wakuelekeze. Mpaka hapo, andika ukweli unaoweza kuuonyesha: zabibu zilizolimwa bila mbolea wala viuatilifu vya viwandani. Tena fahamu kwamba zabibu za kilimo hai na mvinyo wa kilimo hai havipimwi kwa kigezo kimoja. Umoja wa Ulaya, tangu 2012, unaruhusu mvinyo mwekundu mkavu (usiobaki na sukari) wa kilimo hai uwe na salfaiti, ile dawa ya salfa inayohifadhi mvinyo, hadi miligramu 100 kwa lita, wakati wa kawaida ni 150. Marekani ukiongeza salfaiti hata kidogo huruhusiwi kuuita mvinyo wa kilimo hai, unasema tu umetokana na zabibu za kilimo hai. Wapo wanaotaka kuacha salfaiti kabisa. Kwa anayeanza, kwenye joto letu, mimi nasema usiache. Utapoteza kazi ya mwaka mzima kwa ajili ya neno moja kwenye lebo.

Tuje kwenye ndoo zako.

Ile iliyogeuka siki iliingiwa na hewa. Bakteria wa siki wapo kila mahali, kwenye ganda la zabibu, kwenye miguu ya wale inzi wadogo wa matunda, kwenye kitambaa ulichofunikia. Wakipata kileo na hewa kwa pamoja wanafanya kazi yao. Ndoo ambayo imemaliza kuchachuka na ina nafasi ya nusu juu yake ni nyumba yao. Ile iliyobaki tamu ilikufa kwa joto. Stoo ya mabati mchana wa Machi hupita nyuzi 35, nayo hamira inapochachua huongeza joto lake yenyewe. Hamira huchoka, sukari hubaki nusu njia, na mvua ya Machi ilikuwa imeshaupunguza mchuzi tangu shambani. Kwa hiyo wepesi ulitoka kwenye mvua, na utamu ulitoka kwenye mabati.

Mwaka huu chukua kilo 100 tu, ujifunze nazo. Zitakupa lita 65 hivi za mvinyo, karibu chupa 85.

Siku ya kuvuna haipangwi na kalenda wala na rangi. Zabibu nyekundu hupata rangi wiki nyingi kabla ya kuiva, na hilo huwapoteza wengi. Kuanzia katikati ya Agosti, kila asubuhi ya tatu, pita safu zote uchume punje moja moja, za juu na za chini, za upande wa jua na za kivulini, zifike 100. Zikamue kwenye mfuko safi na upime sukari. Unatafuta briksi 22 hadi 24, ambayo itakupa kileo cha asilimia 12 hadi 13 na nusu. Kisha fanya kile ambacho mashine haikufanyii: tafuna. Weka punje mdomoni, bonyeza nyama kwa ulimi, itoke. Ikiwa bado imeng'ang'ania mbegu, subiri. Toa mbegu uitazame kiganjani. Ya kijani au yenye mistari ya kijani ni changa, na ukiitafuna inakaza ulimi kama ndizi mbichi. Iliyoiva ina rangi ya kahawia kama punje ya kahawa iliyokaangwa kidogo, inavunjika kwa mlio mkavu, na ladha yake inakaribia karanga. Mwisho tafuna ganda peke yake, taratibu, mpaka likuchafue meno. Likiacha wekundu na utamu badala ya uchungu wa majani, siku imefika. Nimewahi kumwona mzee wa Hombolo asiye na kipimo chochote akifanya hivyo safu kwa safu, akiwa amefumba macho, na alipotaja siku, kipimo changu kilikubaliana naye.

Vuna alfajiri, umalize kabla ya saa tatu asubuhi. Zabibu zikiingia chomboni zikiwa baridi, umeshapunguza nusu ya hatari ya joto. Tupa kila kishada chenye ukungu au harufu ya siki. Usioshe zabibu. Ambua punje kwenye vijiti kwa mkono, zipasue bila kusaga mbegu, kwa sababu mbegu iliyosagwa hutoa uchungu, na uziweke pamoja na maganda yake kwenye pipa la plastiki la chakula, lijae robo tatu tu. Ongeza metabisalfaiti ya potasiamu, ndiyo ile salfaiti niliyoitaja, gramu 8 hivi kwa ujazo huo, iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo, ukoroge. Kesho yake tia hamira ya mvinyo, pakiti ya gramu 25 inatosha. Hamira ya mkate itaanza vizuri lakini mara nyingi huchoka mapema na kuacha harufu ya unga. Najua wapo wanaotegemea hamira ya asili iliyo kwenye maganda, na mvinyo wao unaweza kuwa wa ajabu kwa uzuri. Fanya hivyo mwaka wa tatu, ukishakuwa na mkono.

Kwenye siku ya pili au ya tatu maganda yatapanda juu yawe kofia nene. Hiyo kofia ndiyo rangi yako yote, na ikikauka ndiyo siki yako. Izamishe kwa mwiko mrefu wa mbao uliochemshwa, asubuhi, mchana na jioni, kila mara mpaka yote yalowe. Pima joto kila unapozamisha. Unataka nyuzi 25 hadi 30. Likikaribia 32, tia chupa za maji yaliyogandishwa, zilizofungwa na kuoshwa vizuri, moja kwa moja ndani ya pipa. Toka kwenye mabati. Chumba cha tofali chenye paa la juu na kivuli, pipa likiwa limevikwa gunia lililolowa, linatosha mwezi wa Agosti.

Na tafadhali, mlango uwe wazi. Lita moja ya mchuzi ikichachuka hutoa gesi ya kaboni ya kiasi cha lita 50, nayo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini mahali watoto walipo. Kabla ya kuinama kwenye pipa ndani ya chumba kilichofungwa usiku, tanguliza mshumaa. Ukizimika, usiingie, na hata ukiendelea kuwaka usiuamini peke yake, fungua mlango hewa ipite kwanza. Watu wazima wameshakufa kwa hili, katika nchi zenye uzoefu wa karne nyingi wa mvinyo.

Baada ya siku 7 hadi 10 haidromita, kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa mchuzi ukilinganisha na maji, itashuka hadi karibu na 1.000. Onja. Ukali wa tanini ukiwa umefika pale unapokupendeza, kamua maganda kwa shuka jeupe lililochemshwa au kwa kikamulio cha mkono, taratibu. Mchuzi uliochuruzika wenyewe ni bora kuliko ule uliotoka kwa nguvu, kwa hiyo utenganishe. Hamishia kwenye vyombo vyenye mdomo mwembamba, vijae mpaka shingoni, na kizibo chenye mrija ulioingizwa kwenye chupa ya maji ili gesi itoke na hewa isiingie. Hapo uache umalizie mpaka 0.995 hivi. Wiki mbili baadaye hamisha kwa mrija, uache mashapo chini. Hamisha tena baada ya miezi miwili, na kila mara ongeza metabisalfaiti kidogo, gramu 4 au 5 kwa lita 100. Tangu hapo kazi yako ni moja, chombo kijae. Kikipungua vidole viwili, jaza kwa mvinyo mwingine. Ukikosa mvinyo wa kujazia, hamishia kwenye chombo kidogo zaidi. Nafasi tupu usiivumilie hata wiki moja.

Zabibu zetu, kwa sababu ya joto, mara nyingi zinafika zikiwa zimepungua ukali wa asidi. Ukiweza kupeleka sampuli TARI Makutupora, kituo chenye dhamana ya utafiti wa zabibu nchini, wapimie pH, kipimo cha asidi ambacho hupanda asidi ikipungua. Ikipita 3.7, gramu moja ya asidi ya tatariki kwa lita, ikitiwa mwanzoni kabisa, huuokoa mvinyo na kuung'arisha rangi. Usitumie ndimu.

Pipa la mti huna haja nalo. Mvinyo wa shamba la namna yako ninapenda kuuonja ukiwa uchi, bila harufu ya mbao za watu.

Kuuza ni safari nyingine na sitaisema yote hapa. Anzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, watakuelekeza TBS kwa ubora na usajili wa bidhaa, halmashauri kwa leseni ya vileo, na TRA kwa stempu za kodi. Usiuze hata chupa moja kabla ya hapo. Chupa 85 za mwaka wa kwanza zinywewe na familia, na wachache wenye ulimi wa kweli watakaokwambia wanachoonja.

Nimeziacha safu tatu za mbuyu mpaka mwisho makusudi. Mbuyu unashindana na mizabibu kwa maji, ndiyo maana safu hizo huzaa vishada vidogo, vyenye punje ndogo zilizoachana. Baba yako aliuacha ule mti akapanda hadi karibu yake, na sidhani kama aliona hasara. Usizichanganye. Zitaiva mapema kuliko nyingine, huenda kwa siku tano au saba, kwa hiyo zipimie peke yake na uzivune siku yake. Hata zikitoka kilo 25 tu, zipe ndoo yake, mwiko wake, na madumu ya kioo ya lita 5 yatakayojaa hadi shingoni. Andika juu yake "Mbuyu" na tarehe. Krismasi mimina glasi moja ya hiyo na glasi moja ya shamba zima, uziweke kwenye kitambaa cheupe mbele ya dirisha, uzitazame rangi kwanza kabla ya kuonja. Kisha niandikie ulichokiona.